Dijkstra: Mholanzi aliyetatua ugomvi wa ndani ya tarakilishi

MWAKA wa 1957, kijana mmoja Mholanzi alikwenda kufunga ndoa mjini Amsterdam. Kwa mujibu wa taratibu za huko, bwana harusi alitakiwa kutaja kazi yake ili iandikwe katika hati ya ndoa. Kijana alijibu kwamba yeye ni mwanaprogramu. Maafisa wa manispaa walilikataa jibu hilo kwa kuwa, kwa kadiri walivyojua, hapakuwa na kazi ya jina hilo. Ili mambo yasikwame, aliandikishwa kuwa mwanafizikia.

Kijana huyo alikuwa Edsger Wybe Dijkstra. Leo, zaidi ya miongo miwili tangu aiage dunia, ni vigumu kupata tarakilishi ambayo haitumii fikra yake moja au nyingine. Hata mitambo inayoelekeza mawasiliano ya intaneti huchagua njia kwa kufuata hesabu aliyoivumbua akiwa na umri wa miaka 26.

Hata hivyo, jambo zito zaidi alilowaachia walimwengu si hesabu hiyo bali onyo. Sehemu mbili za programu zinaweza kuwa sahihi kabisa, kila moja kivyake, lakini zikaharibiana pindi zinapowekwa chini ya paa moja. Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Dijkstra alitumia maisha yake yote kutafuta sheria za kuwawezesha fahali hao kukaa zizi moja bila kuumizana.

Mwana wa mkemia

Dijkstra alizaliwa Mei 11, 1930, katika mji wa bandari wa Rotterdam nchini Uholanzi. Babake alikuwa mwalimu wa kemia ambaye alipata kukiongoza chama cha wanakemia wa nchi hiyo. Mamake alikuwa mwanahisabati hodari, ijapokuwa hakuwahi kuajiriwa. Ni kwa mama huyo alikojifunza kwamba uthibitisho mzuri ni ule mfupi, na kwamba jawabu linaloandamana na maelezo marefu huenda limeshika njia isiyofaa.

Alipokuwa shuleni alitamani kusomea sheria, akitumaini kwamba siku moja angeiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Alama alizopata mwaka wa 1948 zilibadilisha mkondo huo. Wazazi wake walimshawishi asomee sayansi, naye akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusomea fizikia.

Mnamo 1951 alisafiri hadi Cambridge, Uingereza, kuhudhuria mafunzo ya majuma matatu kuhusu namna ya kuiandikia programu mashine iliyoitwa EDSAC. Aliporejea, msomi Adriaan van Wijngaarden alimpa kazi katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam kuanzia Machi 1952. Hivyo ndivyo Dijkstra alivyokuwa mwanaprogramu wa kwanza wa kuajiriwa katika Uholanzi nzima.

Lakini moyo wake haukutulia. Wanafizikia walikuwa na elimu yenye mizizi ya karne nyingi. Je, wanaprogramu walikuwa na nini? Alimwendea mkubwa wake na kumweleza wasiwasi huo. Van Wijngaarden alikubali kwamba taaluma hiyo haikuwa na msingi wa kujivunia. Ila alimkumbusha kwamba mashine hizo hazingeondoka duniani, na kwamba pengine yeye Dijkstra ndiye aliyeandikiwa kuujenga msingi uliokosekana. Kijana alitoka katika ofisi ile akiwa mtu mwingine.

Mwaka wa 1956 alihitaji mfano rahisi wa kuwaonyesha wageni uwezo wa tarakilishi mpya ya kituo hicho, iliyoitwa ARMAC. Akiwa amepumzika mkahawani pamoja na mchumba wake, Ria Debets, alitafakari namna ya kupata njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Baada ya dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, jawabu lilikuwa limepatikana. Alilichapisha mwaka wa 1959, na hadi leo wanafunzi wa tarakilishi kote ulimwenguni hulisoma.

Hofu ya kukatizwa

Wakati huohuo, wenzake Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakiunda tarakilishi mpya iliyoitwa X1. Mashine hiyo ilikuwa na kitu kipya, nacho ni uwezo wa kukatizwa.

Kabla ya hapo, tarakilishi ilipotaka kuchapisha jambo ililazimika kuingoja mashine ya kuchapisha imalize, hata kama kungoja huko kuliipotezea muda mwingi. Katika X1, tarakilishi iliweza kuendelea na shughuli nyingine, na mashine ya kuchapisha ingeibishia hodi ikiwa tayari. Mradi huo ulikuwa wa manufaa makubwa. Muda uliopotea bure ungetumika kwa hesabu.

Dijkstra aliingiwa na hofu. Hodi hiyo ingeweza kupigwa kati ya amri mbili zozote za programu. Programu ingekatizwa katikati ya kazi yake, kisha irudi na kukuta vitu vilivyoachwa mezani vimebadilishwa. Hitilafu ya namna hiyo ingeweza kutokea mara moja na isirudie tena kwa mwaka mzima, hivi kwamba mtu hangeweza hata kuitafuta. Kuijaribu mashine mara elfu moja kusingemhakikishia mtu lolote kuhusu mara ya elfu na moja.

Baada ya kusitasita kwa muda mrefu aliikubali kazi hiyo, akaandika programu za kusimamia hodi hizo, na kuzifanya kiini cha tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 1959. Inaweza kusemwa kwamba hofu ile ndiyo iliyomzaa Dijkstra tunayemjua. Kuanzia hapo hakuridhika kamwe na programu iliyojaribiwa tu. Alitaka programu inayoweza kuthibitishwa kwa hoja, kama vile mamake alivyothibitisha kanuni za hisabati. Majaribio, alishikilia, yanaweza kufichua kwamba hitilafu ipo, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba haipo.

Agosti 1960, yeye na Jaap Zonneveld walikamilisha programu ya kutafsiri lugha ya ALGOL 60, miongoni mwa za kwanza duniani. Husimuliwa kwamba wawili hao waliapa kutonyoa ndevu hadi kazi iishe. Zonneveld alinyoa zake mara moja. Dijkstra alibaki na zake hadi kaburini.

Mkono wa reli

Mnamo 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati katika chuo cha teknolojia cha mji huo. Hapo ndipo alipolikabili swali la zizi na fahali ana kwa ana.

Chukua mfano wa akaunti yenye Sh10,000. Programu moja inataka kuongeza Sh2,000 na nyingine inataka kutoa Sh3,000. Kila moja husoma salio, hufanya hesabu, kisha huandika salio jipya. Zikifanya kazi kwa zamu, salio la mwisho litakuwa Sh9,000. Lakini zikisoma salio kwa wakati mmoja, zote mbili zitaona Sh10,000. Itakayoandika mwisho itafuta kazi ya mwenzake, na salio litakuwa ama Sh12,000 au Sh7,000. Hakuna programu iliyokosea hesabu. Kosa limezaliwa katika kukutana kwao.

Dijkstra aliazima dawa kutoka kwa shirika la reli. Kando ya njia za gari moshi palisimama nguzo yenye mkono wa chuma, ambao ulizuia gari moshi la pili kuingia katika sehemu ya reli ambayo la kwanza halijaiacha. Alibuni mkono kama huo wa ndani ya tarakilishi, akauita semafo. Programu inayotaka kugusa kitu cha pamoja lazima kwanza iombe ruhusa kwa semafo, na ikimaliza iitangaze nafasi wazi. Mwaka wa 1965 alichapisha pia njia ya kuhakikisha kwamba, miongoni mwa programu nyingi zinazogombea kitu kimoja, ni moja tu inayokifikia kwa wakati mmoja.

Aligundua pia kwamba dawa hiyo huweza kuzaa ugonjwa wake. Iwapo programu ya kwanza imeshika kitu cha kwanza na inangoja cha pili, ilhali ya pili imeshika cha pili na inangoja cha kwanza, zote mbili zitangoja milele. Mwaka huohuo wa 1965 aliwapa wanafunzi wake mtihani kuhusu tarakilishi tano zinazogombea mitambo ya kanda. Mwenzake Mwingereza, Tony Hoare, aliligeuza swali hilo kuwa kisa cha wanafalsafa watano walioketi mezani, kila mmoja akihitaji uma mbili ili ale. Wote wakianza kwa kushika uma wa kushoto, wote watakufa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula.

Funzo lake lilikuwa bayana. Hakuna mwanafalsafa aliyefanya jambo baya. Kilichokosekana ni mpangilio uliokubaliwa na wote kuhusu nani aanze na kitu gani.

Nyumba ya orofa

Akiwa na kikosi cha watu wapatao sita, Dijkstra alijenga mfumo wa kuendesha tarakilishi ya X8 uliojulikana kama THE, kutokana na herufi za mwanzo za jina la chuo chao. Mfumo huo aliueleza mbele ya wataalamu mwaka wa 1967, na maelezo yake yakachapishwa mwaka uliofuata.

Upya wake ulikuwa katika umbo. Ulijengwa kama nyumba ya orofa. Chini kabisa palikuwa na sehemu ya kugawa muda wa mashine kwa programu mbalimbali. Juu yake pakaja sehemu ya kusimamia kumbukumbu, kisha ya mazungumzo na mhudumu wa mashine, kisha ya vifaa vya kuingiza na kutoa habari, na juu ya hizo programu za watumiaji. Kila orofa iliruhusiwa kutegemea huduma za orofa zilizo chini yake tu. Wajenzi waliithibitisha orofa moja kikamilifu kabla ya kupanda nyingine. Kwa hivyo, hitilafu ilipotokea, walijua iko orofa gani.

Mafanikio hayo hayakumletea furaha aliyoitarajia. Wanahisabati wa idara yake hawakuthamini sana kazi ya aina hiyo, na kikosi chake kikasambaratika. Dijkstra alipatwa na sonona. Sehemu ya kupona kwake ilikuwa kuandika, na mwaka wa 1969 alikamilisha waraka mrefu kuhusu namna ya kupanga programu kwa muundo unaoeleweka. Waraka huo ulinakiliwa na kusambazwa mkono kwa mkono hadi ukawa msingi wa mafunzo ya kizazi kizima.

Jina lake lilikuwa tayari limevuma kwa sababu nyingine. Machi 1968, jarida moja la Marekani lilichapisha barua yake fupi iliyoishambulia amri ya kuruka, yaani ile inayoiwezesha programu kuacha mstari inaoutekeleza na kwenda mstari wowote mwingine. Mhariri Niklaus Wirth aliipa barua hiyo kichwa kilichotangaza kwamba amri hiyo ina madhara, na wengi wakakasirika. Hoja ya Dijkstra ilikuwa ya kiungwana kuliko kichwa hicho. Akili ya binadamu ni ndogo. Msomaji wa programu anafaa aweze kutabiri itakavyotenda kwa kuisoma, bila kujiuliza kila mara ni nani mwingine anayeweza kuirukia kutoka mbali.

Mwaka wa 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ni ya juu kabisa katika taaluma ya tarakilishi. Hotuba yake ya siku hiyo ilihimiza unyenyekevu. Aliwashauri wanaprogramu wakubali udogo wa akili zao na kuandika kazi zinazolingana na udogo huo.

Kutenganisha masuala

Mnamo 1973 aliacha kazi ya kutwa chuoni na kuwa mtafiti wa kampuni ya Burroughs, akifanya kazi katika chumba kidogo nyumbani kwake Nuenen. Kutoka hapo aliandika nyaraka kwa kalamu ya wino, kila moja ikiwa na nambari na herufi za jina lake, EWD. Alizituma kwa marafiki wachache, nao wakanakili na kuwapa wengine. Kufikia mwisho wa maisha yake zilizidi 1,300.

Katika mojawapo ya nyaraka hizo, ya Agosti 1974, alitumia neno lililokuja kuzaa tawi zima la taaluma. Alizungumzia kutenganisha masuala. Programu inafaa iwe sahihi, na inafaa pia iwe na kasi. Mtu akiyashughulikia yote mawili kwa pamoja atachanganyikiwa. Afadhali leo achunguze usahihi peke yake na kesho achunguze kasi peke yake. Hata hivyo, aliweka sharti ambalo wengi waliomfuata walilisahau. Kulitenga suala moja hakuna maana ya kusahau kwamba masuala mengine yapo. Ni kuyaweka kando huku ukijua kwamba siku ya kukutana itafika.

Mwaka wa 1976 wasomi Susan Owicki na David Gries walilipa sharti hilo sura ya hisabati. Walionyesha kwamba haitoshi kuthibitisha kila programu peke yake. Ni lazima pia kuthibitisha kwamba hakuna kitendo cha programu moja kinachobatilisha uthibitisho wa nyingine. Dijkstra aliithamini kazi hiyo hata akaandika muhtasari wake kwa maneno yake mwenyewe.

Ajali za Texas

Mwaka wa 1984 alihamia Marekani kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Miaka miwili baadaye, katika mji wa Tyler ulioko kwenye jimbo hilohilo, yalitokea maafa ambayo yalionyesha kwamba onyo lake halikuwa la vitabuni tu.

Hospitali moja mjini humo ilikuwa ikitumia Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa miale iliyoundwa nchini Kanada. Mnamo Machi na Aprili 1986, mhudumu mwenye vidole vyepesi alikosea aina ya miale alipokuwa akiandika maagizo, akarekebisha kosa kabla ya sekunde nane kupita. Sehemu moja ya programu iliyaona marekebisho. Nyingine ilikuwa ikishughulika kupanga sumaku za mashine na haikuyaona. Skrini ilionyesha jambo moja na mashine ikatenda jingine. Wagonjwa wawili walipigwa na miale mikali kupita kiasi na hatimaye wakafariki.

Kati ya 1985 na 1987, ajali sita za mashine hizo zilijulikana Marekani na Kanada. Ilibainika baadaye kwamba hitilafu ya Tyler ilikuwamo pia katika mashine ya awali, ila huko vizuizi vya chuma na fyuzi viliificha. Vizuizi hivyo vilipoondolewa kwa imani kwamba programu inatosha, maradhi yaliyojificha yakajitokeza. Sehemu za programu zilishiriki habari bila semafo wala mpangilio madhubuti, miaka 20 baada ya Dijkstra kuonyesha namna ya kuepuka hali hiyo.

Wageni wasiobisha hodi

Dijkstra alipokuwa akikaribia kustaafu, mwaka wa 1997, Gregor Kiczales na wenzake wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California walitangaza mtindo mpya wa kuandika programu. Mtindo huo ulitokana na lile wazo la kutenganisha masuala.

Tatizo walilolenga lilikuwa la kweli. Mfumo wa benki hugawanywa katika moduli, kwa mfano ya kuweka pesa, ya kutoa na ya mikopo. Lakini kuna masuala mtambuka ambayo hayakai katika moduli moja. Kila shughuli lazima iandikwe katika daftari la kumbukumbu. Kila anayeomba huduma lazima akaguliwe kama ana idhini. Mistari ya kufanya hayo hutawanyika katika mamia ya sehemu, na kubadilisha kanuni moja humlazimu mtu kuzipitia zote.

Kiczales alipendekeza kila suala mtambuka liandikwe mahali pamoja, katika kipande kiitwacho aspekti. Aspekti hutaja sehemu inazotaka kuingia, kisha programu maalumu huifuma ndani ya moduli kama mfumaji anavyopitisha uzi wa rangi katika kitambaa. Mwandishi wa moduli hahitaji hata kujua kwamba aspekti ipo.

Ni hapo ndipo ugomvi wa zamani ulipozaliwa upya. Tuseme kuna aspekti ya kukagua idhini na nyingine ya kuhifadhi majibu ili yatolewe haraka yakiombwa tena. Zote mbili huingia katika moduli ya kusoma salio. Ukaguzi ukitangulia, kila kitu ni shwari. Hifadhi ikitangulia, mtu asiye na idhini atapewa jibu lililohifadhiwa kabla mkaguzi hajaamka. Vivyo hivyo, aspekti ya daftari ikitangulia ile ya kuficha siri, nenosiri la mteja litaandikwa waziwazi katika daftari.

Zipo pia ajali za kuchekesha. Aspekti iliyoagizwa kuandika kila kazi inayofanyika huweza kukiona kitendo chake chenyewe cha kuandika kuwa kazi, ikakiandika, kisha ikaandika kuandika huko, bila kikomo hadi mashine izidiwe. Nyingine hazichekeshi. Aspekti ya ulinzi ikitambua kazi kwa majina yake, na mtu akabadilisha jina la kazi moja, ulinzi huondoka kimyakimya bila kengele yoyote kulia.

Mnamo 2004, baadhi ya wakosoaji waliulinganisha mtindo huo na amri ya kuruka iliyopigwa vita mwaka wa 1968, kwa kuwa msomaji wa moduli hawezi tena kujua kitakachotendeka kwa kuisoma tu.

Tiba zilizopatikana zinafanana na zile za Eindhoven. Kwanza, mpangilio utangazwe wazi. Katika lugha ya AspectJ, mwandishi anaweza kutamka aspekti ipi itangulie ipi, na asipotamka, lugha haimhakikishii mfuatano wowote. Pili, moduli iwe na mlango unaojulikana, ili aspekti iingie kupitia mahali palipokubaliwa badala ya kurukia dirishani. Tatu, aspekti ziainishwe kwa madhara yake. Inayotazama tu bila kugusa kitu haina hatari sawa na inayoweza kuzuia kazi, na hiyo nayo haifikii hatari ya inayobadilisha thamani za wenzake. Nne, kila moduli iandikiwe masharti ambayo lazima yadumu, kisha kila aspekti ithibitishwe kwamba haiyavunji. Tiba hii ya nne si jingine ila kazi ya Owicki na Gries iliyovishwa kanzu mpya.

Safari ya mwisho

Dijkstra hakuwa mtu mwepesi kuishi naye kitaaluma. Alizibeza lugha za programu zilizopendwa na wengi, na waliomwona mwenye majivuno hawakuwa wachache. Isitoshe, mtu huyu aliyewafundisha walimwengu kuandika programu hakuwa mpenzi wa kutumia tarakilishi. Alitegemea kalamu yake, na hata alipokubali kuwa na mashine ya Macintosh ilikuwa zaidi kwa ajili ya barua pepe na kuperuzi intaneti.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alipenda kupiga piano, hasa muziki wa Mozart, na pamoja na Ria alizunguka mbuga za Marekani kwa basi dogo la Volkswagen. Walijaliwa watoto watatu.

Alistaafu Novemba 1999. Mapema mwaka wa 2002, akiwa mgonjwa wa saratani, alirejea na mkewe katika nyumba yao ya Nuenen, na huko akafariki Agosti 6, 2002, akiwa na umri wa miaka 72. Mwaka huohuo, andiko lake la 1974 kuhusu mifumo inayojirekebisha yenyewe baada ya kuvurugika lilitunukiwa tuzo ya kimataifa. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ilibadilishwa jina na kuitwa Tuzo ya Dijkstra.

Kijana anayeandika programu leo, awe Nairobi au Amsterdam, mara nyingi haanzi na ukurasa mtupu. Huokota vipande vilivyotengenezwa na watu asiowajua, kimoja cha malipo, kingine cha ulinzi, kingine cha kumbukumbu, na kuviunganisha. Kila kipande huja na cheti cha kuthibitisha kwamba kimejaribiwa na ni kizima. Dijkstra angetaka kuona cheti cha pili, kinachoeleza kipande hicho kitatendaje kikikutana na jirani yake, na nani kati yao atatangulia mlangoni. Mpaka leo, cheti hicho cha pili ndicho kinachokosekana mara nyingi zaidi.